NANI ANAUNGA MUFUPA ULIOVUNJIKA?
Shanga za plastiki na wajenzi wanaoishi ndani ya mwili wako

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumbani, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu pamoja na baba zenu: leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukiona, na juu ya kitu kikubwa ambacho kila mumoja wetu anakiogopa, ni kusema muguu uliopondwa.

Katika muji wetu wa Likasi watu wanafanya kazi na mawe, na vyuma, na asidi. Shituru, Panda, Kambove: watoto wetu wanajua majina haya kabla ya kuanza shule. Jiwe likianguka, mukanda wa mashine ukikamata nguo, lori likirudi nyuma bila mutu wa kuliongoza, mara nyingi ni muguu unaolipa. Na mara nyingi ni mufupa wa muundi, ule unaougusa mbele, chini ya goti. Mufupa huo umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama nyingi mbele yake. Kwa hiyo ukivunjika, ni rahisi utoboe ngozi na kutoka nje. Na kwa sababu nyama zenye damu ni kidogo pale, unakawia kupona.

Sasa ulizo letu la leo: mufupa ukivunjika, nani anauunga? Watu wengi watajibu: munganga. Wengine watasema: platri. Wengine watasema: vyuma na misumari vinavyowekwa na munganga mupasuaji. Majibu hayo yote matatu si sawa. Munganga anasafisha, anapanga mufupa mahali pake, anaushikisha usitikisike. Platri na vyuma vinashika tu, kama mbao zinavyoshika beto mpaka ikauke. Anayeunga mufupa ni wewe mwenyewe, yaani wajenzi wadogo wanaoishi ndani yako. Mutu akielewa jambo hili, ataelewa pia ni kwa nini tunamusumbua na maneno ya usafi, ya sigara, na ya tarehe ya kurudi hospitali.

WAJENZI WANAOISHI NDANI YAKO

Mwili wa mutu umejengwa na vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Watoto shuleni wanasema selile. Kila seli ina kazi yake. Nyingine zinabeba hewa, nyingine zinapigana na vijidudu, nyingine zinajenga. Kiwanda kikubwa cha seli za damu ni uboho, ule tunaoupenda kufyonza ndani ya mufupa wa mbuzi. Uboho wa mutu mukubwa unatoa seli nyekundu za damu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Hakuna kiwanda chochote cha Katanga kinachofanya kazi usiku na muchana namna hiyo.

Ndani ya uboho huo, na pia ndani ya ngozi nyembamba inayofunika mufupa (mama anayekwaruza mufupa wa nyama anaijua), kuna seli nyingine ambazo hazijachagua kazi bado. Wataalamu wanaziita seli-shina. Ni kama vijana walioingia kazini leo: ukiwafundisha, mumoja atakuwa mujenzi wa mufupa, mwingine atakuwa mujenzi wa ile nyama ngumu nyeupe ya kwenye maungio.

Mufupa ukivunjika, kazi inakwenda kwa zamu, kama kazini kwetu. Zamu ya kwanza ni damu: inaganda na kuziba mahali. Katika saa za kwanza zinafika seli askari, kupigana na vijidudu. Kisha, kwa siku zinazofuata, zinafika seli wasafishaji, zinazokula nyama iliyokufa na takataka. Hapo ndipo wajenzi wanaingia. Kwa majuma mawili au matatu wanajenga daraja laini. Kisha daraja hilo linaanza kuwa gumu kwa chokaa ya mwili. Mufupa wa muundi wa mutu mukubwa unahitaji miezi 3 au 4, au zaidi, kabla ya kubeba muzigo vizuri. Na baada ya hapo, kwa miezi na hata miaka, wajenzi wanaendelea kuulainisha na kuunyoosha. Kwa mutoto kazi hiyo yote inakwenda upesi zaidi.

WANAJUAJE PA KWENDA?

Seli haina macho, haina masikio. Inafikaje mahali palipovunjika? Mama akikaanga ndakala nyuma ya nyumba, mutoto aliye mwisho wa barabara anajua. Anafuata harufu: pale harufu inapozidi, ndipo anapokwenda, mpaka anafika kwenye sufuria. Seli zinafanya vilevile. Mahali palipoumia panatoa protini fulani, ambazo tunaweza kuziita ujumbe. Protini hizo zinaenea polepole pande zote, nyingi karibu na kidonda, kidogo mbali. Seli inayopita inazisikia, inageuka, na kufuata upande ambao ujumbe unazidi kuwa na nguvu.

Wale waliofanya kazi katika sale ya elektrolizi watafikiri juu ya shaba iliyo ndani ya maji ya asidi. Huioni, lakini umeme unaivuta, na kila siku inajipanga juu ya katodi mpaka inakuwa bamba zima. Tofauti ni hii: shaba inavutwa tu, haina uhai; seli inakwenda yenyewe, na ikichoka, ikipewa sumu au ikikosa chakula, haifiki.

Mumoja wa ujumbe huo una jina la SDF-1. Ndio unaoita seli-shina za uboho zitoke mahali pake na kuelekea mahali palipoumia. Mwingine unaitwa BMP, huo hauiti tu, unaamuru pia: «Jenga mufupa hapa!» Munganga Marshall Urist, wa Los Angeles kule Marekani, aliuonyesha ulimwengu jambo hilo mwaka 1965. Alichukua mufupa, akautoa chokaa yake yote kwa asidi, akauweka ndani ya nyama ya wanyama, mahali ambapo mufupa haukui hata siku moja. Baadaye akakuta mufupa mupya umeota pale. Ule mufupa wa zamani ulikuwa umekufa, lakini amri iliyobaki ndani yake ilikuwa bado na nguvu, nao wajenzi waliisikia.

PENGO LINALOSHINDA WAJENZI

Ikiwa mufupa umevunjika vizuri, bila kidonda, wajenzi wanafaulu karibu kila mara. Lakini katika mugodi mambo mara nyingi si mazuri hivyo. Jiwe linaponda, kipande cha mufupa kinapotea au kinakufa, uchafu unaingia. Munganga mupasuaji inamupasa kukata na kutupa kila kitu kilichokufa. Linabaki pengo: sentimeta 3, sentimeta 5, hata zaidi. Wajenzi wanatoka ncha hii na ncha ile, lakini hawakutani katikati. Mbele ya mufupa kufika, pengo linajaa nyama ya kovu, ambayo haibebi muzigo. Vijidudu vikiingia, usaha unakaa ndani kwa miaka. Zamani, muguu wa namna hiyo mara nyingi ulikatwa.

Ndiyo sababu wataalamu wa ulimwengu walianza kazi inayoitwa uhandisi wa nyama za mwili. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Robert Langer na Joseph Vacanti, waliandika maelezo yake, na wataalamu wengi wakayafuata. Ukitaka kujenga upya sehemu ya mwili unahitaji vitu vitatu, sawa na kujenga nyumba: wajenzi, ni kusema seli, jukwaa la kusimamia, ni kusema kitu chenye matundu ambacho seli zitakipanda, na amri, ni kusema ujumbe. Wataalamu wengine wanachukua seli, wanazikuza katika maabara na kuzirudisha mwilini. Ni kazi ya gharama kubwa. Wengine waliuliza: «Ikiwa wajenzi wako tayari ndani ya mugonjwa, kwa nini tusiwaite tu?»

SHANGA ZINAZOITA

Lakini kuita si rahisi. Ukidunga ujumbe kwa sindano ndani ya kidonda, damu inaubeba na kuupoteza upesi. Ni kama kupiga king'ora mara moja tu na kunyamaza: wafanyakazi walio mbali hawatasikia. Inapasa ujumbe utoke kidogo kidogo, kila siku, kwa majuma mengi. Hapo ndipo shanga zinapoingia.

Shanga hizo ni ndogo kuliko muchanga. Ukigawanya milimeta 1 mara 1,000, unapata mikroni 1. Unywele wa mutu una upana wa karibu mikroni 70. Shanga zenyewe mara nyingi zina upana wa mikroni 10 mpaka 100. Namna ya kuzitengeneza, mama anayepika ataielewa. Mwaga mafuta ndani ya maji, yapige kwa nguvu: yanagawanyika kuwa matone ya muviringo. Wataalamu wanayeyusha plastiki fulani katika dawa inayoruka haraka hewani, wanachanganya na ujumbe wanaotaka kuuficha ndani, kisha wanayapiga yote ndani ya maji. Ile dawa inaruka, matone yanakauka, na kila tone linakuwa ushanga wenye ujumbe tumboni.

Plastiki hiyo si ile ya ndoo na mifuko. Imejengwa na asidi mbili, laktiki na glikoliki. Usiogope neno asidi. Hii si asidi ya kiwandani. Asidi laktiki iko ndani ya maziwa yaliyochacha, na mwili wako wenyewe unaitengeneza wakati unapokimbia au kubeba muzigo muzito. Ndani ya mwili, maji yanaikata plastiki hiyo polepole, ushanga unakwisha, ujumbe unatoka, na mabaki mwili unayatumia au kuyatoa. Ndugu uliyeshonwa kwa uzi ambao haukutolewa, uzi uliopotea wenyewe: nyuzi nyingi za namna hiyo, tangu miaka ya 1970, ni za ukoo huo huo wa plastiki.

Shanga za namna hii zimekwisha kuingia hospitalini kwa kazi nyingine. Tangu 1989 kule Marekani, wanaume wenye kansa ya tezi ya chini ya kibofu wanapata sindano yenye shanga zinazotoa dawa mwezi muzima. Kwa kuita seli-shina, kazi bado iko katika maabara na kwa wanyama wa majaribio. Mwaka 2011, kwa mufano, Daniel Cross na Chun Wang wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza shanga zenye SDF-1 ndani, na kuonyesha kwamba seli-shina zinasafiri kuufuata ujumbe unaotoka ndani yake.

Tuseme wazi: hayo si matibabu ya kawaida ya muguu uliovunjika, hapa wala Ulaya. Ujumbe wa BMP ndio umetangulia. Kule Marekani uliruhusiwa mwaka 2002 kwa mifupa ya mugongo, na mwaka 2004 kwa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Unawekwa juu ya sponji, nao ni wa bei kali. Basi mutu akikuuzia vifuko vya poda na kusema kwamba ni «seli-shina» za kunywa, zinazounga mifupa na kuponya kila ugonjwa, weka pesa yako mufukoni. Kitu ukikimeza, tumbo linakisaga kama bukari. Hakifiki kwenye mufupa kikiwa seli.

SHANGA NA PLASTIKI ZILIZO TAYARI

Sasa, ndugu, sikiliza vizuri, maana sehemu hii inaweza kukugusa wewe au jamaa yako. Kuna namna mbili za plastiki ambazo wanganga wapasuaji wanazitumia tangu zamani, na ambazo zinawezekana hata mahali pasipo na maabara kubwa. Zote mbili zinatengenezwa kwa simenti ya mifupa. Ni plastiki ngumu, ya ukoo mumoja na ile ya meno ya bandia. Hiyo haiyeyuki.

Ya kwanza ni shanga za dawa. Wanganga wa Ujerumani walizianzisha miaka ya 1970. Ni kubwa, karibu milimeta 7, zimepangwa juu ya waya kama ushanga wa shingoni, na ndani yake kuna dawa ya kuua vijidudu. Munganga anazilaza katika shimo la mufupa uliooza. Dawa inatoka pale pale penye vijidudu, kwa nguvu ambayo kidonge cha kumeza hakiwezi kuifikia. Baadaye shanga zinatolewa. Wazazi wenye mutoto wa SS wajue hili: watoto hao wanapata usaha ndani ya mifupa zaidi ya wengine. Homa na uchungu wa mufupa usiokwisha si jambo la kungojea nyumbani.

Ya pili ni ya Mufaransa, munganga Alain-Charles Masquelet. Alianza kuitumia katika miaka ya 1980, na kuitangaza mwaka 2000. Kazi yake ina hatua mbili. Hatua ya kwanza: munganga anasafisha pengo, anashikisha muguu, na kulijaza pengo kwa donge la simenti ya mifupa. Kisha anangojea majuma 6 mpaka 8. Wakati huo mwili unalizunguka donge kwa ngozi mupya nyembamba. Mwanzoni watu walifikiri kwamba ngozi hiyo ni ukuta tu. Wataalamu walipoichunguza waliona kwamba imejaa mishipa ya damu, na kwamba inatoa ujumbe, hata ile amri ya BMP! Hatua ya pili: munganga anapasua ngozi hiyo taratibu, anatoa donge, na ndani ya mufuko uliobaki anaweka vipande vya mufupa hai vilivyotolewa kwenye nyonga ya mugonjwa mwenyewe. Anafunga. Ngozi inalisha, inaita, inaamuru. Wajenzi wanajaza pengo.

Unaona, ndugu? Wataalamu wanatafuta shanga zisizoonekana za kuita seli. Hapo donge la plastiki, la ukubwa wa kidole gumba, linaufanya mwili wenyewe utengeneze kitu kinachoita.

HATARI YA KUKIMBIA KABLA YA HATUA YA PILI

Njia hiyo ina adui mumoja mukubwa, na si vijidudu peke yake. Ni mugonjwa asiyerudi. Tuseme fundi mumoja amepasuliwa, donge limewekwa. Baada ya majuma manne kidonda kimefungwa, uchungu umepungua. Jamaa wanasema: «Amepona, turudi kijijini.» Mwingine anasema: «Wamekuachia plastiki ndani ya muguu, wanakufanyia majaribio.» Mwingine anahesabu pesa ya safari mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 120, na kunyamaza. Fundi harudi. Donge linabaki. Halitakuwa mufupa hata siku moja. Chuma kilichoshika muguu kinachoka, kinavunjika. Vijidudu vinajificha juu ya plastiki, usaha unatoka. Muguu ambao ungeponywa unakatwa.

Hatumutukani mutu huyo. Safari ni pesa, na kulala hospitali ni mushahara unaopungua. Ndiyo sababu inafaa jamaa yote ijue mupango tangu siku ya kwanza. Bibi ajue, kaka mukubwa ajue, shefu wa kazi ajue. Uliza maulizo manne, na uandike majibu katika daftari:

1. Ndani ya muguu wangu mumeweka nini?
2. Kinayeyuka chenyewe au kinatolewa?
3. Kitatolewa tarehe gani, na mahali gani?
4. Dalili gani zinirudishe kabla ya tarehe hiyo?

Munganga muzuri hatakasirika. Na wewe uliyepewa barua ya hospitali, usiiache kwa jirani. Iweke pamoja na vitambulisho vyako.

KAZI YAKO WEWE: KULINDA WAJENZI

Hakuna ushanga unaoweza kuita seli iliyokufa. Saa ya kwanza baada ya ajali, munganga bado yuko mbali; wenzako ndio wanaoamua ni wajenzi wangapi watabaki hai. Basi tufanye hivi.

Mufupa ukitoka nje. Kwanza muondoeni mwenzenu mahali pa hatari. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kutazama. Usiurudishe mufupa ndani kwa mukono: utaingiza uchafu. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Fungeni muguu juu ya ubao, kutoka juu ya goti mpaka chini ya kifundo, usitikisike. Musimupe chakula wala kinywaji, wala lutuku ya kupunguza uchungu, maana huenda atalazwa kwa upasuaji. Kipande cha mufupa kikianguka, musikitupe. Kifungeni katika kitambaa safi na mukilete. Mwambieni munganga saa ya ajali. Dawa ya kuua vijidudu inapasa iingie mapema, vizuri zaidi ndani ya saa 1, na sindano ya pepopunda isisahauliwe.

Asidi ikimwagika juu ya mwili. Asidi inaendelea kuua seli kila dakika inapobaki juu ya ngozi. Maji, palepale, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 30. Vua nguo na viatu ukiwa chini ya maji. Usipake mafuta, dawa ya meno, majivu wala udongo. Usitafute unga wa kuipinga asidi. Maji yanatosha, ikiwa ni mengi na ya haraka. Shefu ahakikishe kila zamu kwamba bomba la maji la dharura linatoa maji, na kwamba hakuna pipa lililowekwa mbele yake.

Wanganga wa mifupa wa kienyeji. Tunajua kwamba watu wengi wanakwenda kwao, na hatusemi neno la zarau. Lakini mufupa uliotoboa ngozi si kazi yao. Na bandeji inayokaza sana inaziba damu: wajenzi hawafiki, nyama inakufa. Vidole vya muguu vikiwa baridi, vikibadili rangi, vikikosa kusikia, au uchungu ukizidi badala ya kupungua, legeza bandeji na kwenda hospitali saa ile ile. Hata platri ya hospitali ikifanya hivyo, rudi upesi, hata usiku.

Sigara. Moshi unabana mishipa midogo ya damu, ambayo ni barabara ya wajenzi. Mifupa ya muvutaji inakawia kuungana, na mara nyingine haiungani. Wewe uliyevunjika, kuacha sigara leo ni dawa ambayo hailipiwi.

Chakula. Wajenzi wanataka tofali. Bukari peke yake haitoshi. Maharagi, ndakala, mayai, karanga. Pia sombe na mboga nyingine za majani, mapera na machungwa, kwa sababu bila vitamini C mwili hauwezi kufuma zile kamba zinazoshika mufupa na ngozi. Mama, sahani ya mugonjwa ni sehemu ya matibabu.

MAULIZO TUNAYOSIKIA

«Mufupa ukiungana, chuma kitolewe?» Si kila mara. Mara nyingi chuma kinaweza kubaki bila shida. Munganga ataamua kwa picha ya radio.

«Kutoa mufupa kwenye nyonga hakutanilemaza?» Hapana. Nyonga ina mufupa wa akiba. Utasikia uchungu majuma kadhaa, pengine zaidi ya uchungu wa muguu wenyewe, kisha unapungua.

«Shanga za seli-shina zitafika Likasi siku gani?» Hakuna anayeweza kukupa tarehe. Dawa mpya inapasa ijaribiwe kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi, na mingi inaanguka njiani. Tena ujumbe unaoita wajenzi, ukizidi, unaweza kuita mahali pabaya: BMP imewahi kuotesha mufupa mahali usipotakiwa, na kuvimbisha shingo za wagonjwa mpaka hewa ikapita kwa shida.

Ndugu, siku shanga hizo zitakapofika, zitakuta kazi ile ile: kidonda kilichosafishwa mapema, damu inayopita vizuri, muguu usiotikisika, mugonjwa anayerudi kwa tarehe yake. Bila hayo, zitaita na hakuna atakayeitika. Pamoja na hayo, hata leo, kwa maji, kitambaa safi, ubao na donge la simenti, miguu inaweza kuokolewa.

Kabla ya zamu ya kesho, angalieni pamoja mambo matatu: machela iko wapi, maji ya dharura yanatoka, na ni nani anayejua kufunga muguu juu ya ubao. Kama hakuna anayejua, mutumeni mumoja wenu kwenye dispansere kujifunza. Haichukui nusu siku.